Hesabu ya Mbele na Hesabu ya Nyuma

Juni 3, Jumanne
Wageni 8. Maji pangoni: alama ya 2. Jua, vumbi.

Daftari hili hutolewa moja kwa kila jozi ya waongozaji, siku ya kwanza ya msimu. Kwa miaka kumi na tisa aliliandika mume wangu. Mimi nilikuwa nasema, naye anaandika, kwa sababu mwandiko wangu, kwa maneno yake, ni wa kuku aliyekanyaga wino. Mwaka huu Meneja amenikabidhi mimi. Kwenye jalada kuna nafasi ya majina mawili. Ameandika la kwangu, na kwenye nafasi ya pili amepiga mstari kwa rula.

Kazi yetu ni hii. Wageni wananunua tiketi dirishani kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Anawapa helmeti na mimi ananipa kikaratasi chenye idadi yao. Nawapitisha kwenye kuta za mji wa kale, tunateremka ngazi mia mbili na kumi hadi korongoni, tunaingia kwenye pango lenye alama za mikono ya watu wa kale, tunatoka, tunapanda tena. Saa mbili na nusu. Mimi natangulia na kusema. Mume wangu alikuwa akitembea nyuma ya mgeni wa mwisho, kuhakikisha hakuna anayebaki. Watu wote hapa walimwita Mkia, na yeye aliitika bila kinyongo.

Alikufa Aprili, Jumatatu, siku yetu ya mapumziko. Alikuwa ameketi kibarazani anapiga viatu rangi. Kiatu kimoja kilikuwa kinang'aa, kingine bado. Viatu viko palepale. Sijavigusa, wala sioni sababu ya kuvigusa.

Meneja aliniita asubuhi. "Mama, nimekutafutia mtu wa kukaa mkia. Fundi Mawe amekubali."

Nikamwambia nitafanya peke yangu.

"Peke yako?"

"Njia naijua."

Akanitazama, akahema. "Haya. Nakuacha kwa sababu umeniomba. Lakini nakwambia mapema usije ukaninunia. Mgeni mmoja akibaki nyuma, mmoja tu, kibali chako kinakwenda makao makuu na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Juni 4
Wageni 6. Maji: 2. Jua.

Juni 5
Wageni 9. Maji: 2. Jua.

Juni 12
Wageni 11. Maji: 2. Upepo.

Leo nimehesabu vibaya. Naandika ili nisirudie.

Tundu la kutokea pangoni ni jembamba, na katikati lina kona. Aliye nje haoni walioko ndani ya kona, na aliye ndani haoni waliokwisha toka. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Nusu wakishatoka, nawasimamisha waliobaki. Nahesabu kwa sauti walio nje. Nikinyamaza, yeye anahesabu kutoka ndani walio mbele yake, na mwisho kabisa anajihesabu mwenyewe. "Tano, na mimi." Sauti ilikuwa inafika kabla ya mwili. Kisha najumlisha na kutazama kikaratasi cha wifi, naongeza mmoja kwa ajili yake, hesabu inakubali, tunapanda.

Sasa nasimama mlangoni wanatoka wote na nahesabu peke yangu. Leo walitoka kumi na mmoja, nami nikasema kumi na wawili. Nikarudia. Kumi na wawili. Mara ya tatu nikamgusa kila mtu begani, mmoja baada ya mwingine, wakapatikana kumi na mmoja. Mama mmoja mnene akacheka, "Mwalimu, sisi si mbuzi." Nami nikacheka kidogo ili aridhike.

Juni 13
Wageni 7. Maji: 2.

Juni 29, Jumapili
Wageni 15. Maji: 2. Joto kali.

Swali ni lilelile. Wakifika mbele ya mikono wanauliza, "Ina miaka mingapi?" Nasema elfu nne. Wanasema "Looo!" Zamani nilikuwa naisikia hiyo looo mwilini, kila siku, miaka kumi na tisa. Sasa mdomo unasema elfu nne, na mimi nimesimama kando nautazama ukisema. Haiumi. Hakuna kinachouma, na hilo ndilo linaloniletea maneno na wifi yangu.

"Wifi, wewe hata kulia hujalia," aliniambia leo, anapanga helmeti kwenye misumari.

"Nitalia."

"Lini? Umeweka miadi?"

Nikasema nina kundi la saa nane. Helmeti ya mume wangu iko kwenye msumari wa mwisho, ile yenye ufa uliozibwa kwa gundi. Hampi mgeni yeyote. Nimeona anaifuta vumbi kila asubuhi, akidhani sioni.

Julai 8
Wageni 10. Maji: 2.
Nimepata 11. Nimerudia, 10.

Julai 9
Wageni 12. Maji: 2.
Sawa mara ya kwanza.

Julai 15
Wageni 9. Maji: 1.
Nimepata 10. Sikurudia, maana niliwaona kwa macho kuwa ni tisa. Nimekwisha jua kosa langu liko wapi: linazidisha mmoja. Basi napunguza mmoja, yanakwisha.

Julai 26
Wageni 14 asubuhi, 13 mchana. Maji: 1.

Fundi Mawe anatengeneza ukuta wa upande wa magharibi. Hutumia chokaa na mchanga tu, saruji ni marufuku kwa sababu ya lile bamba la shaba pale langoni lililoandikwa Urithi wa Dunia. Amekaa juu ya jukwaa lake tangu mwezi wa nne, kila jiwe analiandika namba kwa chaki kabla ya kuling'oa ili lirudi mahali pake. Alikuwa rafiki wa mume wangu, kwa hiyo huniita shemeji na kujipa haki zote za ushemeji.

"Shemeji, nasikia umenikataa."

"Sikukukataa wewe. Nimekataa kusumbua watu."

"Afadhali. Mimi na mapango ni mbalimbali. Mle kuna popo." Akaonyesha ukubwa wa popo kwa mikono miwili, ukubwa wa bata. "Nilikubali kwa ajili ya marehemu tu. Nilisema nitafumba macho, nimshike mgeni shati."

"Mkia gani huo wa kufumba macho?"

"Ndiyo hali halisi. Ungenipata hivyo hivyo."

Alinichekesha, na hata hilo nililiona kwa mbali.

Agosti 3
Wageni 15. Maji: 1.

Agosti 4
Jumatatu. Nimelala.

Agosti 5
Wageni 8. Maji: 1.

Agosti 17, Jumapili
Wageni 15, 15, 12. Maji: 1.

Leo wageni wote walikuwa wazuri, sina la kulalamika. Kulikuwa na bwana na bibi waliogombana kutoka ukutani hadi korongoni, kwa sababu mmoja alibeba maji na mwingine alibeba maandazi, na wa maandazi alitaka maji. Mume wangu angetembea katikati yao na mwisho wangekula pamoja. Mimi niliwaacha. Walipopanda walikuwa hawasemezani.

Naona watu kama walio nyuma ya kioo. Nawaona vizuri kabisa. Rangi za mashati, kamba za viatu. Ila hawanifikii.

Meneja alipita leo akauliza, "Hesabu zinakwendaje, Mama?" Nikamwambia zinakwenda. Sikumwambia kwamba napunguza mmoja. Nikimwambia nitapewa mkia, na mtu akisimama pale nyuma itakuwa imekwisha kabisa. Hapo nimeandika ukweli, basi.

Septemba 2
Wageni 9. Maji: 1.
Sawa mara ya kwanza.

Septemba 3
Wageni 11. Maji: 1.
Sawa mara ya kwanza. Nadhani nimepona ule ugonjwa wa kuzidisha. Nimeacha kupunguza.

Septemba 14
Wageni 15. Maji: 2. Mawingu upande wa milimani, hayakushuka.

Septemba 21, Jumapili
Wageni 13. Maji: 2 asubuhi, 3 saa nane, 5 saa kumi kasoro. Mvua milimani.

Naandika kwa mpangilio, kwa sababu Meneja ataliomba daftari.

Kundi la saa saba lilikuwa la watu kumi na watatu, kutoka kwenye basi moja. Kati yao alikuwamo mzee mmoja mwenye goti bovu, karani wa posta mstaafu. Alinieleza njiani, bila kuulizwa, kwamba kwa miaka thelathini alipiga mihuri juu ya stempu zenye picha za mahali kama hapa, magofu, maporomoko, mapango, na siku aliyostaafu alijiapiza atakwenda kuomba radhi. "Nimewapiga mihuri ya uso wote hawa," alisema. "Sasa napita mmoja mmoja." Hapa palikuwa pa ishirini na mbili. Nilimsikia, nikasema "hongera", nikaendelea na maelezo ya kuta.

Kwenye mlango wa pango kuna jiwe lenye alama za rangi, moja hadi kumi. Maji ya chini ya pango huja kutoka milimani bila kupiga hodi. Mvua inaweza kunyesha huko, hapa jua linawaka. Yakifika alama ya tano hatuingii. Yalikuwa ya tatu. Nikaingiza watu.

Mikono, elfu nne, looo. Tukatoka. Nikasimama mlangoni nahesabu. Walitoka kumi na wawili. Kisha nikasikia "na mimi", kama ninavyoisikia kila siku, na nikasema, "Kumi na watatu." Nikatazama kikaratasi cha wifi. Kumi na tatu. Hesabu imekubali mara ya kwanza. Nikafunga geti la pango kwa kufuli, tukaanza kupanda.

Juu, wifi anapokea helmeti. Wageni walizivua wakaenda kivulini kwa dereva wao. Wifi akahesabu misumari kwa kidole.

"Wifi, kuna helmeti moja haijarudi."

"Ni ya kwake," nikasema. Nilikuwa navua buti, nilisema bila kuinua kichwa. "Bado anapanda, si unamjua na ngazi zile."

Nilipoinua kichwa wifi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akauondoa, akasema polepole kama anayesema na mtoto, "Wifi. Ya kaka ile pale."

Ilikuwa pale, msumari wa mwisho, na ufa wake wa gundi.

Nilivaa buti moja tu. La pili nililivaa kwenye ngazi. Fundi Mawe aliniona kutoka jukwaani nikipita mbio, akaita, "Shemeji, kuna nini?" Nikasema, "Nimemfungia mtu." Aliruka na mwiko mkononi. Ngazi mia mbili na kumi, na nilizihesabu, sijui kwa nini. Nilikuwa nasubiri hofu inifikie. Haikunifikia. Niliona tu kwamba mikono yangu inashindwa kuingiza ufunguo kwenye kufuli, Fundi akaunyakua akafungua yeye. Maji kwenye jiwe yalikuwa alama ya tano, na yalikuwa yamebadilika rangi.

Fundi alisimama mlangoni nusu dakika. Nilimwona anapiga moyo konde. Kisha akaingia nyuma yangu, hakufumba macho.

Kwenye kona maji yalifika vifundoni, ndani zaidi yakafika magotini. Taa ya helmeti ya mzee ilikuwa inawaka. Alikuwa ameketi juu ya mwamba nyuma ya nguzo ya mawe, mbele ya ile mikono, viatu amevipakata. Goti lilikuwa limemkaza, alikaa alipumzishe kidogo. Tulipoondoka aliita, lakini maji pale yana kelele, na sauti yake ni ya kikarani.

"Baba, pole," nikasema. "Pole sana. Umeogopa."

"Hata," akasema. Alikuwa anatetemeka meno kwa baridi. "Sikuogopa. Nilijua mtahesabu."

Hapo ndipo kitu kiliniuma. Kiliniuma hasa, chini ya mbavu, mara ya kwanza tangu Aprili. Sikuwa na nafasi ya kukiangalia. Fundi alimbeba mzee mgongoni, mimi nikashika viatu na tochi, tukatoka. Tulipopita kwenye jiwe la mlangoni maji yalikuwa alama ya saba.

Septemba 23, Jumanne
Sina wageni. Mvua.

Meneja aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni maelezo ya mzee, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote ninayemjua. Ameandika kwamba alijificha kwa makusudi ili abaki na mikono ile kwa faragha, na kwamba mwongozaji asilaumiwe. Ya pili ni fomu ya tukio, imejazwa tayari kwa maneno hayohayo. Inasubiri sahihi yangu.

"Tia sahihi hapo, yaishe," Meneja alisema. "Mzee amekuonea huruma, na mimi pia."

"Hakujificha. Goti lilimkaza."

"Mama. Nimekwambia tia sahihi."

"Nilihesabu kumi na wawili nikaongeza mmoja."

"Yupi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ya Juni, na ya Julai, na jinsi nilivyokuwa napunguza, na jinsi nilivyoacha kupunguza. Nikamwekea daftari hili mbele yake. Alisoma muda mrefu. Meneja si mtu wa kusoma, husoma kwa midomo, na nilipoona midomo imefika kwenye viatu vya kibarazani nilitazama dirishani.

"Ungenyamaza tu," alisema mwisho.

"Ningenyamaza, siku nyingine ningemfungia mwingine."

Alichukua kibali changu. Hakukasirika. Alisema atakipeleka makao makuu pamoja na barua, na kwamba kwenye barua ataandika alichoona yeye.

Wifi alinisubiri nje na mwavuli. "Umejichongea mwenyewe," akasema. "Mtu amekuletea njia, wewe unaifunga." Tulitembea hadi langoni. Halafu akasema, "Na mimi kila siku jioni nasubiri helmeti ya mwisho. Naikuta msumarini, nashtuka." Akalia, mwavuli ukaenda upande, tukalowa wote wawili. Nilimshika. Sikulia, lakini nilimshika kwa nguvu.

Septemba 24 hadi Oktoba 5
Sina wageni.

Oktoba 7
Makao makuu wamejibu. Narudishiwa kibali kwa sharti moja, sitaingia pangoni bila mkia. Kama ningelisoma sharti hilo Juni, ningeirarua barua. Leo nimeikunja nikaitia mfukoni, nikaenda ukutani.

"Fundi, bado unaogopa popo?"

"Sana," akasema kutoka juu ya jukwaa. "Lini tunaanza?"

Oktoba 12, Jumapili
Wageni 14. Maji: 4. Ziara ya mwisho ya msimu. Kesho pango linafungwa kwa ajili ya mvua.

Wifi alimpa Fundi helmeti. Alikwenda hadi msumari wa mwisho, akaishika ile yenye ufa, akasimama nayo. Kisha akairudisha, akampa nyingine. Nilimshukuru kwa macho.

Kuta, ngazi, korongo. Kila nikigeuka nilimwona Fundi nyuma kabisa, anatazama dari badala ya wageni. Mbele ya mikono mtu mmoja akauliza, "Ina miaka mingapi?" Nikasema elfu nne. Nikaongeza kitu ambacho hakimo kwenye maelezo yetu. Nilisema yupo karani mmoja wa posta aliyekaa hapa saa nzima, maji yanapanda, akiamini kwamba watu watarudi kumhesabu. Hawakusema looo. Waliitazama ile mikono.

Kwenye tundu la kutokea nikatoka na nusu ya mbele. Nikawasimamisha waliobaki. Nikahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba." Nikanyamaza.

Kutoka nyuma ya kona sauti ya Fundi ikahesabu, nzito, kama anayehesabu matofali. Ikafika saba. Ikakoma.

Saba na saba ni kumi na nne. Kikaratasi kilisema kumi na nne. Ningeweza kuwaambia watoke. Nilisimama. Masikio yangu yalikuwa yanasubiri, na safari hii nilijua yanasubiri nini, na nilijua kwamba haitakuja yenyewe. Kichwani kulikuwa kimya.

"Fundi," nikaita. "Jihesabu na wewe."

"Eti?"

"Mkia huhesabiwa. Jihesabu."

Maji yanapita. Kisha kutoka ndani, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Saba, na mimi."

"Kumi na tano," nikasema. Nilitaka kuongeza kwamba wametimia, kama tunavyosema siku zote, neno likanikwama. Nililia palepale, helmeti kichwani na kikaratasi mkononi, mbele ya wageni saba na mwamba, kwa sauti, kama mtu aliyechelewa miezi sita. Binti mmoja alinishikia tochi.

"Shemeji," Fundi akaita kutoka ndani. "Tutoke? Kuna popo hapa."

Nikamwambia watoke. Walitoka mmoja mmoja, nikawagusa mabega, na wa mwisho alikuwa Fundi, amemshika mgeni shati, macho wazi. Wote wametimia.